Pua ya Sihaba

Mimi ni mwepesi wa kuona kinyaa, na nimekuwa muuguzi miaka kumi na saba. Watu hudhani mambo hayo mawili hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Yanakaa. Nimefuta matapishi ya watu wazima, nimebadilisha mashuka yaliyoganda usaha. Nimejifunza kuhudumia watu nikiwa nimebana pumzi. Naitwa Evarista, nimezaliwa Bukoba, nikasomeshwa na masista. Hospitali ninayofanyia kazi iko kando ya barabara ya Bagamoyo. Jina lake naliacha, kwa sababu mshahara wangu bado unatoka huko.

Ninayetaka kumweleza si mimi, ni Sihaba, msafishaji wa wodi yetu.

Sihaba ni mzaliwa wa Fukayosi, binti wa mkulima wa mihogo na ufuta. Aliolewa Bagamoyo mjini, akaachwa Bagamoyo mjini, na miaka kumi na mmoja alikaa soko la samaki akiparua magamba na kutoa matumbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Alikuwa akipokea samaki mkononi anakuambia huyu wa leo alfajiri, huyu amelala kwenye barafu siku mbili, huyu alikuwa amekufa muda mrefu kabla ya kufika pwani. Wauzaji hawakumpenda. Magoti yalipomchosha kuchuchumaa, akaomba kazi kwetu, na pua yake akaja nayo.

Mimi ilinikera pua hiyo. Anaingia wodini na ndoo, anasimama katikati, anavuta barakoa mpaka kidevuni, kisha ananusa. Ananusa watu! Halafu anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, kitanda cha sita kidonda kimeanza kuharibika." Nilipokwenda kufungua bandeji kwa hasira ili nimwoneshe ujinga wake, nilikuta kweli, kijani na majimaji. Mtu mwenye akili angeanza kumheshimu siku hiyo. Mimi nilimgombeza kwa kushusha barakoa.

"Nikiziba pua nitajuaje, Sista?" alinijibu.

"Kujua si kazi yako. Kazi yako ni kupiga deki."

Hayo yalikuwa maneno yangu, na nilikuwa nayarudia kila wiki.

Mwaka huo ulikuwa wa pili wa korona, 2021, na mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Ukutani mwa wodi ya wanaume tulikuwa tumebandika karatasi yenye picha ya mtu anakohoa ndani ya kiwiko, uso mwekundu, jasho linamtoka. Kikohozi, homa, kubanwa kifua: aliyekuja na hayo tulimtenga. Aliyekuja na mengine alipewa kitanda kama kawaida. Picha ile ndiyo iliyokuwa ikiamua, maana aliyepaswa kuamua, tabibu wetu Noel, alikuwa ameichoka kazi kabla hajatimiza miaka thelathini.

Mzee Mwinyijuma hakufanana na picha. Alikuwa fundi wa kushona kanzu pale Kerege, mzee wa miaka sitini na nane, mwembamba, mwenye maneno mengi ya mzaha. Aliletwa akiwa anaharisha siku ya nne. Kikohozi hana, homa hana, mafua hana. Alilalamika kuchoka tu. Noel alisema ni maji yamepungua mwilini. Tukamtundikia dripu, tukamlaza kitanda cha tisa, katikati ya watu kumi na watatu. Usiku alimwita jirani yake wa kitanda kwa jina la marehemu kaka yake. Mashuka yake niliyabadilisha mimi mara tatu kwa siku moja, na sitaeleza zaidi.

Kesho yake saa sita mchana, saa ya kuona wagonjwa, akaja mkewe na hotipoti.

Bi Hajra alikuwa anajulikana. Kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, shughuli yenye heshima ilipikiwa na yeye. Mwanamke mnene, safi, kanga zake zimepigwa pasi, vidole vina hina. Sifa yake kubwa ni kwamba haonji. Wapishi wengine wakati wa mfungo hugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi, wakatema, na dini haiwakatazi. Yeye hata hilo hafanyi. Anainama juu ya sufuria, anavuta mvuke, anasema imepungua chumvi, na kweli imepungua. Alikuwa na saumu yake siku hiyo. Mumewe hakufunga kwa sababu ya maradhi.

Akafungua kifuniko.

Nimeshakutana na harufu nyingi, lakini ile ilinipiga usoni nikiwa mlangoni. Uvundo wa samaki aliyeoza, uliochanganyika na tui, mtamu na mchungu kwa pamoja. Tarcis, fundi mwashi wa Miono aliyevunjika mguu, kitanda cha nane, alipiga kelele, "Mama yangu! Nani amekufa humu?" Watu wakavuta mashuka puani. Mmoja akaanza kutapika kwenye beseni. Nami nikaona kitu ambacho mpaka leo kikinijia wakati wa kula naweka kijiko chini. Mzee Mwinyijuma alikuwa anakula. Nyama ya yule samaki, changu, ilikuwa imelegea kama uji, mchuzi umefanya povu la kijivu, na yeye anamega tonge, anachovya, anatia mdomoni. Mchuzi ulimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaulamba.

"Ahsante, mke wangu," alisema. "Mungu akubariki."

Nilimpokonya sahani. Nilimwaga kila kitu kwenye ndoo ya Sihaba, hotipoti nikaitupa juu ya meza ikalia. Halafu nikamgeukia yule mama, mtu ambaye kwa umri angeweza kunizaa, na hata shikamoo sikumpa.

"Mama mzima huoni aibu? Mgonjwa anaharisha siku tano unamletea mzoga?"

Alitazama ndoo, akanitazama mimi. Alionekana hanielewi kabisa. "Nimefunga, mwanangu. Sikuonja."

"Na pua nayo umeifunga?"

Wodi nzima ikacheka. Nakiri kwamba nilifurahi walipocheka. Tarcis akaongeza yake, "Kumbe huyu ndiye anayepikia maharusi! Jamani, harusi zote zile tulizokula!" Wakacheka tena. Bi Hajra alichukua hotipoti yake, akaifunga ndani ya kanga, akatoka. Kwenye baraza nilimwona anaegemea ukuta, anasimama, anakwenda hatua chache, anaegemea tena. Nikajua ni aibu. Nikawaambia walinzi asiruhusiwe tena kuingiza chakula.

Noel alipopata habari hiyo alichangamka. Sasa alikuwa na sababu. Aliandika kwenye faili, nami nikasimama pembeni nikikubali kwa kichwa: kuharisha kutokana na chakula kichafu, mke aelimishwe usafi, aruhusiwe kesho. Lilikuwa jambo rahisi, na kinyaa changu kilikuwa kimelithibitisha.

Sihaba hakumwaga ile ndoo. Nilimkuta nyuma ya wodi, amechuchumaa, amemtoa yule samaki kwa mkono mtupu, amemweka juu ya kipande cha boksi na kumpanua kichwa. Nzi walikuwa wamemjaa mpaka kwenye vidole. Nikageuza uso.

"Sista, njoo uone. Usione kinyaa, njoo."

"Naona hapa hapa."

"Huyu hakuchacha kwenye mchuzi. Alioza kabla hajapikwa. Angalia shavuni, kweusi. Huyu alikuwa ana siku tatu alipouzwa." Akafuta mkono kwenye nyasi. "Bi Hajra nimemparulia samaki miaka sita pale sokoni. Samaki ambaye mimi ningekwenda kumla nyumbani na wanangu, yeye alikuwa anamrudisha. Mtu yule hawezi kuuziwa kitu hiki."

"Watu wanazeeka, Sihaba."

"Wanazeeka, ndiyo. Lakini tazama: alipomnunua hakusikia harufu. Akamkwangua, akamkaanga, akamuungia nazi, saa nzima yuko juu ya mvuke, hakusikia harufu. Mumewe amemtia mdomoni hasikii. Watu wawili wa nyumba moja, Sista, pua zimekufa wiki moja. Nyie wasomi mnaliitaje jambo hilo?"

"Naliita uchafu. Nenda kapige deki."

Akaenda. Lakini baada ya dakika kumi alirudi na chupa ya jiki mkononi, na safari hii alikuwa na hasira. Alikuwa amejaza kizibo, akamwekea Mzee Mwinyijuma chini ya pua, akamuuliza anasikia nini. Mzee alivuta kwa nguvu. Alimwambia, "Maji hayo, au siyo?" Alipompelekea Tarcis kizibo kile kile, Tarcis nusura aanguke na mguu wake wa plasta.

Nikaenda kitanda cha tisa ili nimalize upuuzi huo. Mzee alikuwa amekaa kitako, anamsimulia Tarcis kanzu ya bwana harusi mmoja iliyochanika makalioni mbele ya shehe. Anacheka. Nilisimama nikamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu alipoletwa nilimtazama bila kuwaza mashuka yake. Alikuwa anasema maneno matatu, anavuta pumzi. Maneno matatu, anavuta pumzi. Nikatoa saa, nikahesabu kifua kinavyopanda: mara thelathini na nne kwa dakika, kwa mtu aliyekaa anapiga soga. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Nilikuwa nimepita mbele ya midomo ile tangu asubuhi.

"Mzee, unapumua vizuri?"

"Vizuri kabisa, binti yangu. Tumbo tu ndilo... adui yangu."

Kipimo cha oksijeni, kile cha kubana kidole, tulikuwa nacho kimoja, na Noel alikifungia kwenye droo yake kwa kuogopa wezi. Nilikwenda nikakichukua bila kuomba. Nikambana mzee kidoleni. Sabini na sita. Nikakitoa, nikakifuta, nikajibana mwenyewe: tisini na nane. Nikamrudishia yeye. Sabini na tano, na bado anacheka ile kanzu.

Noel alisema kipimo kimeharibika. Akajibana kidole chake, akatazama namba, akashika ukingo wa kitanda cha mzee. Tulimhamisha mzee kwa haraka kwenye chumba cha pembeni, tukamwekea mtungi wa oksijeni, tukamlaza kifudifudi. Wale kumi na watatu waliokaa naye tangu jana walibaki wanatutazama, na hakuna aliyecheka.

Sihaba alikuwa anasukuma maji kwenye korido. Alisimamisha ufagio.

"Na yule mwingine?"

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimemsahau. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa sitaki kumkumbuka.

Tulikwenda na bajaji alasiri hiyo hiyo, mimi na Sihaba, kipimo mfukoni. Nyumba ya Bi Hajra tulielekezwa na watoto kwa kuziba pua, maana habari ilikuwa imefika Kerege kabla ya mwenyewe. Mmoja wa watu waliokuja kuona wagonjwa alikuwa ametangulia kuileta. Jirani yake, mwanamke anayeitwa Mina, alikuwa amesimama kwenye ua wake, mtandio umefunika pua, anatazama kwa Bi Hajra bila kuvuka. Alituambia kwamba sahani ya futari aliyoletewa jana na Bi Hajra alikuwa amewapa kuku. Alisema hivyo kwa kujivunia.

Bi Hajra tulimkuta uani, amekaa chini. Alikuwa ametoa vyombo vyote vya nyumba. Masufuria ya shughuli, yale makubwa ya kuingia mtoto mzima, miiko, mbuzi ya kukunia nazi, sinia, vifuniko. Alikuwa anasugua kwa jivu na ndimu, na maganda ya ndimu yalikuwa yamejaa miguuni mwake. Mikono imechubuka, hina imetoka kwenye vidole. Hatua tatu kutoka alipokaa kulikuwa na ndoo yenye matumbo na magamba ya samaki yule yule, inatoa uvundo wa kukuangusha, funza wanapanda ukingoni. Yeye alikuwa ameipa mgongo, anasugua sufuria linalong'aa.

Safari hii nilisema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Akapumzika. "Sikurudi... huko. Nimeona aibu." Akapumzika tena. "Niambie ukweli. Wewe ni msomi. Nyumba yangu inanuka?"

Hakukohoa hata mara moja. Nilimwinamia nikambana kidole, namba ikaja themanini na moja. Nilikuwa nimeipa ndoo kisogo, macho yananitoka machozi, na nikafanya kile ambacho niliona ni huruma.

"Hainuki, mama," nikasema. "Hainuki kabisa."

"Inanuka, Bi Hajra," Sihaba akasema.

Nilimkanyaga mguu. Hakujali. Alichuchumaa mbele ya yule mama, akamshika mikono yote miwili pamoja na jivu lake.

"Inanuka vibaya sana. Ile ndoo nyuma yako ina funza, na wewe umekaa nayo huisikii. Yule changu alikuwa ameoza siku tatu, na wewe, mtu wa kunirudishia mimi samaki mara nne, ukamchukua. Pua yako imekufa. Ya mzee wako nayo imekufa. Yuko kwenye oksijeni sasa hivi. Wewe si mchafu, dada yangu. Unaumwa."

Bi Hajra aliigeukia ile ndoo. Akainama akanusa, kutoka karibu, kama alivyozoea kunusa sufuria. Akainua kichwa.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Naumwa?"

"Unaumwa sana."

Sijawahi kuona mtu anapokea habari ya ugonjwa namna ile. Uso ulimfunguka. Alisema alhamdulillahi, akalia, na kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo akamwita yule jirani, "Mina! Umesikia? Si uchafu! Mimi naumwa! Naumwa, Mina!" Pumzi ikamwisha, ikabidi tumbebe mpaka kwenye bajaji. Mina alirudi nyuma tulipopita. Nilimchukia, kisha nikakumbuka yeye hakuitupa sahani yake mbele ya watu.

Vipimo vilipelekwa Dar, majibu yakarudi baada ya siku sita: wote wawili korona. Wagonjwa wengine watatu wa wodi ile waliugua, wakapona. Mzee alitoka siku ya kumi na mbili. Bi Hajra alikaa zaidi. Noel alibandika karatasi mpya ukutani, ameandika kwa mkono wake: asiyesikia harufu, anayeharisha bila sababu, mzee anayechanganya majina, anayepumua haraka huku anasema hajambo, wote wapimwe oksijeni. Wakubwa walipokuja kukagua walimsifu kwa karatasi hiyo, naye akasema ahsanteni. Sihaba alikuwa anafuta dirisha nyuma yao. Mimi nilikuwepo, na mimi pia nilinyamaza.

Siku moja kabla Bi Hajra hajaruhusiwa nilikaa kitandani kwake, nikamwomba radhi. Niliomba kwa sauti ndogo, nyuma ya barakoa, pazia nimelivuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini ulisema kwa kelele. Radhi nayo iseme kwa kelele, wale waliosikia wasikie."

Wale waliosikia walikuwa wameshatoka. Kila mmoja alikuwa amerudi kwake na kisa cha mpishi wa harusi aliyemlisha mumewe mzoga, na ni kisa kitamu, kinasimuliwa vizuri. Mwenyewe nilikuwa nimekitia chumvi pale mapokezi siku ya kwanza. Familia mbili zilizomwagiza kwa shughuli za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, zilituma ujumbe kwamba zimeshapata mpishi. Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena. Pua ilimrudia mwezi wa Agosti, na masufuria bado yamepangwa uani.

Sihaba aliandika majina ya wagonjwa wa wodi ile kutoka kwenye daftari langu. Hajui kuandika haraka, ilimchukua karibu saa nzima. Kila siku yake ya mapumziko alikwenda kwa mmoja: Mapinga, Zinga, kwao Fukayosi. Anafika, anasalimu, anakaa, anaeleza kwamba yule mama alikuwa mgonjwa. Wengine walimsikiliza, wengine walimcheka. Akabaki Tarcis, ambaye ndiye mwenye mdomo kuliko wote, na kwake ni mbali, Miono.

Alinifuata Ijumaa moja nikiwa navua gauni la kazi.

"Sista, kesho nakwenda Miono. Twende wote. Mimi nikisema ni mpiga deki tu. Wewe wakikusikia wataamini."

Nilimwambia kesho niko zamu.

Sikuwa zamu. Nilishinda nyumbani, nikafua pazia, na Sihaba akaenda Miono peke yake.